Tiketi ni ile ile, siku ya mechi imepanda

Muuza skafu na jezi mmoja anayetandaza biashara yake nje ya Uwanja wa Benjamin Mkapa, Temeke, anasema huwa hahitaji kusubiri jioni ili ajue kama siku itamlipa. Anatazama saa tu. Kwa mechi ya saa 11 jioni, zamani mashabiki walianza kujaa saa 5 asubuhi. Walikula hapo, wakanywa hapo, wakabishana hapo, na katika kubishana mtu akanunua skafu au kofia ili asionekane mnyonge mbele ya mtani. Siku hizi wengi wanatokea saa 10 kasoro wakiwa wameshakula nyumbani, wanamalizia chupa ya maji getini na kupita moja kwa moja.

Anaweka daftari la mauzo, na analionyesha bila kuombwa mara mbili. Mechi ya watani wa jadi bado inamlipa, ila mechi nyingine za ligi zimekuwa za kubahatisha. Klabu kubwa hutoa jezi tatu kwa msimu, ya nyumbani, ya ugenini na ya tatu, na wateja wake waliokuwa wakichukua mbili sasa wanachukua moja na kuivaa hadi msimu uishe. Wengine wanamwomba waziwazi ile isiyo halisi. Yeye haiuzi, lakini jirani yake anaiuza, na jirani ndiye anayemaliza mzigo mapema. Juu ya hayo kuna mgambo wanaomhamisha kila wanapoamua, na kuna nauli yake mwenyewe ya kubeba marobota kutoka Kariakoo. Anachouliza ni kimoja: kama uwanja unatangazwa kuwa umejaa, mbona waliojaa hawana hela?

Swali hilo nililipeleka kwa ofisa wa Serikali anayefuatilia mwenendo wa bei, ambaye hakutaka kutajwa. Jibu lake lilikuwa takwimu. Wastani wa mfumuko wa bei nchini ulikuwa asilimia 4.3 mwaka 2022, ukashuka hadi 3.8 mwaka 2023, kisha 3.1 mwaka 2024. Kwa maoni yake, nchi yenye takwimu hizo haina tatizo la gharama za maisha linaloweza kumzuia mtu kwenda mpirani, na mashabiki wakipungua, chanzo kitafutwe kwenye kiwango cha timu au kwenye televisheni.

Takwimu hizo ni za kweli, ila kazi anayotaka zifanye ni kubwa kuliko uwezo wake. Mfumuko ukishuka, bei hazijashuka. Zinaendelea kupanda, polepole, kuanzia pale zilipofika. Ukijumlisha miaka hiyo mitatu kwa hesabu ile ile ya Serikali, kapu lililogharimu Sh10,000 mwaka 2021 lilifika takriban Sh11,160 mwaka 2024. Na hilo ni kapu la wastani, lenye kodi ya nyumba, samani, simu na mengine mengi. Kapu la shabiki siku ya mechi ni dogo na lina vitu vichache: nauli, kiingilio, chakula, maji. Katika kapu hilo asilimia 3 haionekani.

Tuchukue nauli. Hadi Aprili 2022, daladala ya Dar es Salaam kwa safari isiyozidi kilomita 10 ilikuwa Sh400. Mei mwaka huo ikawa Sh500, na Desemba 2023 ikawa Sh600. Hilo ni ongezeko la asilimia 50 katika muda usiofika miaka miwili. Shabiki anayepanda magari mawili kwenda na mawili kurudi alikuwa akitumia Sh1,600, na sasa anatumia Sh2,400. Akienda na mkewe ni Sh4,800, karibu sawa na tiketi moja ya mzunguko, yaani majukwaa ya bei ya chini, kwenye mechi kubwa, ambayo kwa muda mrefu imezoeleka kuwa Sh5,000. Wenye daladala nao wana lao la kusema, kwani Agosti 2022 lita ya petroli jijini ilifika Sh3,410, tena baada ya Serikali kuweka ruzuku.

Ndiyo maana nasema wanaopima gharama ya kwenda mpirani kwa bei ya tiketi wanapima kitu kisichohusika. Kiongozi mmoja wa klabu aliniambia kwa kujiamini kwamba wao hawajampandishia shabiki. Ni kweli, kiingilio cha mzunguko kimekaa pale pale kwa misimu kadhaa, na kwa mechi ndogo huteremshwa hadi Sh3,000 au chini zaidi. Lakini shabiki halipii tiketi peke yake. Analipia siku nzima, na siku hiyo anaitoa kwenye fungu lile lile lililonunua mchele uliozidi Sh3,000 kwa kilo mwanzoni mwa 2023, na sukari iliyofika Sh4,000 na zaidi mwanzoni mwa 2024. Mama lishe wa pale uwanjani alinunua mchele huo huo na sukari hiyo hiyo. Asipopandisha bei ya sahani anapunguza kipimo, na shabiki akishaona sahani imepungua anakula kwao.

Ipo pia habari ya saa, ambayo kwenye vikao vya mapato huwa haisikiki. Mechi nyingi zimesogezwa usiku. Sababu za kiufundi zipo, jua la Dar es Salaam si mchezo kwa wachezaji, lakini saa za usiku pia ndizo saa za watu kukaa mbele ya televisheni, na televisheni ndiyo inayolipa. Mkataba wa haki za matangazo ya Ligi Kuu uliosainiwa mwaka 2021 ni wa miaka 10 na thamani yake ni Sh225.6 bilioni. Siwalaumu wanaoufurahia, umezisaidia klabu zisizo na mfadhili kulipa mishahara. Ila mechi inayoanza saa 3 usiku inaisha karibu saa 5, na saa 5 usiku daladala za kwenda pembezoni ni za kuvizia. Kinachobaki ni bodaboda au bajaji, na hapo bei inapangwa na dereva kwa kutazama wingi wa watu barabarani. Wapo wanaolipa kurudi nyumbani zaidi ya walivyolipa kuingia uwanjani.

Mechi zinapopelekwa kwenye uwanja wa Chamazi hali ni ngumu zaidi kwa anayetoka upande wa pili wa jiji. Anafika Mbagala Rangi Tatu akiwa ameshapanda magari mawili, kisha anatafuta la tatu.

Mpinzani wa uwanja yuko mtaani. Kibanda umiza, yaani banda la kuonyesha mpira kwenye televisheni, kinatoza Sh500 au Sh1,000, kipo hatua chache kutoka nyumbani, na mechi ikiisha saa 5 usiku mtu anarudi kwa miguu. Mwenye kibanda mmoja wa Tandika anasema wateja wake wameongezeka, ingawa naye analalamikia bei ya kifurushi cha king'amuzi na umeme wa luku. Pembeni ya kibanda kuna duka la kubeti. Kijana aliyekuwa akidunduliza Sh5,000 ya mzunguko sasa anatenga Sh1,000 ya kibanda na Sh1,000 ya mkeka, na anaona amepata mpira pamoja na tumaini la kurudisha hela yake. Kwa mfuko wake ni hesabu inayoeleweka. Kwa klabu ni mapato ya mlangoni yaliyokwenda kwingine, na hata yale yanayobaki yanakatwa VAT ya asilimia 18 na makato ya uwanja kabla klabu haijaona chake.

Mikoani sura ni nyingine. Klabu nyingi huko zinacheza msimu mzima mbele ya majukwaa yenye nafasi tele, kisha vigogo wawili wa Kariakoo, wale watani wa jadi, wanapofika, kiingilio cha Sh2,000 au Sh3,000 kinapandishwa mara mbili au tatu. Viongozi wanasema bila siku hizo mbili hawamalizi msimu, nami nawaamini. Lakini aliyesafiri kutoka wilayani kwa basi ameshalipa Sh48.47 kwa kila kilomita ya daraja la kawaida, badala ya Sh41.29 ya kabla ya Desemba 2023. Kwake tiketi iliyopandishwa ni mzigo juu ya mzigo.

Je, hali itageuka? Kima cha chini cha mshahara serikalini kilipanda kutoka Sh370,000 hadi Sh500,000 kuanzia Julai 2025, na baadhi ya wafanyabiashara wa jezi wanatumaini fedha hiyo itafika kwao. Huenda. Ila wengi ninaowakuta mzunguko ni mafundi, makuli, madereva wa bodaboda na wachuuzi, watu wasio na hati ya mshahara. Fainali za Mataifa ya Afrika za 2027, ambazo Tanzania itaandaa pamoja na Kenya na Uganda, zinasemwa kama neema ya biashara kuzunguka viwanja. Zinaweza kuwa hivyo kwa wiki chache, endapo wachuuzi wataruhusiwa kukaribia mageti, jambo ambalo mashindano makubwa kwa kawaida hulibana. Mafuta yakitulia, nauli zinaweza kutulia. Kushuka ni habari nyingine, na muuza skafu wangu hakumbuki mara ya mwisho nauli yake ya kwenda Kariakoo iliposhuka.

Kwa sasa biashara haijafa. Mechi ya watani itajaa, mechi za Afrika zitajaa hasa klabu zikishusha kiingilio, na picha za majukwaa yaliyofurika zitaendelea kutumika kuthibitisha kwamba mambo ni mazuri. Hasara iko katika mechi zile nyingine, za katikati ya wiki, ambazo ndizo nyingi kwenye ratiba na ndizo zinazomlisha mchuuzi.

Klabu na wapanga ratiba hawawezi kushusha bei ya petroli wala ya mchele. Wanaweza kutangaza tiketi mapema ili mtu adundulize, na wanaweza kupanga saa. Wanaotaka mzunguko ujae tena wahakikishe filimbi ya mwisho inapulizwa wakati daladala za Gongo la Mboto, Mbagala na Tegeta bado zipo kituoni.