Siku Subaru Itakaponyamaza

Gereji ninayopitia jioni hapa Mafiga, Morogoro, haina ukuta wa mbele. Kuna mwembe, turubai, na gogo la kukalia lililong'azwa na suruali za watu. Juzi fundi mkuu alikuwa amelala chini ya Forester, miguu tu ndiyo inaonekana, tukasikia gari likipanda kutoka barabarani. Hakuna aliyekuwa ameliona. Fundi, akiwa hukohuko uvunguni, akasema, "Impreza hiyo. Na silinda moja haichomi."

Kweli, ikaingia Impreza ya bluu, inatetemeka kama mgonjwa wa malaria. Akashuka kijana.

"Shikamoo mzee. Inakosa nguvu nikipanda mlima."

"Marahaba. Plagi au koili. Fungua boneti."

Wakati fundi anachokonoa, kijana akaja kukaa kwenye gogo, akaniwekea simu mbele ya macho. Picha ilikuwa ya Subaru Solterra, gari la umeme tupu. "Mwalimu, wewe ni mtu wa umeme. Hii nayo wameipiga nembo ya nyota. Hivi kweli hii ni Subaru?"

Nimelisikia swali hilo kwa sura nyingi. Ulaya na Marekani wapenzi wa Porsche, Ferrari na Lotus wanalibishania kila toleo la umeme linapotoka. Sisi tunalo la kwetu, kwa sababu hapa gari la mbio halijawahi kuwa Ferrari. Kwetu gari la mbio ni lile lililoshinda Safari Rally. Mashindano hayo yalipoanza mwaka 1953 yalikatiza Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1966 na 1967 Bert Shankland, dereva wa Tanzania, alishinda mara mbili mfululizo akiwa na Peugeot 404. Joginder Singh wa Kenya alishinda na Volvo mwaka 1965, kisha na Mitsubishi Lancer mwaka 1974 na 1976. Zamu ya Subaru Impreza ilifika mwaka 1997 mikononi mwa Colin McRae, ikarudi tena mwaka 2000 kwa Richard Burns. Baadaye meli za magari yaliyotumika Japani zikamwezesha kijana wa Morogoro kulinunua gari la ukoo uleule na kulipaki chini ya mwembe.

Ndiyo maana mwaka 2022 uliuma. Machi ya mwaka huo Subaru ilitangaza kwamba umbo jipya la WRX, mrithi wa Impreza hizo, halitapata toleo kali la STI la petroli. Mwaka huohuo ikaingiza sokoni Solterra, iliyobuniwa pamoja na Toyota na inayofanana na ndugu yake bZ4X kama pacha. Mwenye kupenda akaona mtoto aliyemzoea amekatazwa kuzaliwa, na mgeni amepewa jina lake.

Mafiga, kama jina la kata yetu linavyokumbusha, ni mawe matatu ya jikoni. Jifya moja haliinjiki chungu. Mapenzi ya gari nayo yameinjikwa juu ya matatu: mlio, uzito na ufundi. Tuyapime moja moja, tuone umeme unaondoa lipi na unaacha lipi.

Figa la kwanza: mlio

Injini ya Subaru ya silinda nne ina pistoni zilizolala ubavu, mbili kulia na mbili kushoto. Zinakwenda na kurudi kama ngumi za mabondia, na kwa sababu hiyo ikaitwa injini ya bondia. Lakini mngurumo ule wa kudunda unaoujua hautokani na ubondia peke yake. Kwenye matoleo mengi ya zamani, mabomba yanayotoa moshi kwenye silinda hayalingani urefu. Moshi wa upande mmoja unachelewa kufika kwenye makutano, mapigo yanafika bila mpangilio sawa, na sikio linasikia ngoma. Subaru ilipoyasawazisha mabomba hayo kwenye baadhi ya matoleo ya baadaye, turbo ilipumua vizuri zaidi na ngoma ikafifia. Wapo walioingia mfukoni wakanunua mabomba yasiyolingana ili kuirudisha. Yaani walilipia kasoro, kwa kuwa waliipenda.

Mwenye gari la umeme hucheka hapo. Asicheke haraka. Kumbuka fundi wetu aliyekuwa uvunguni: kwa sekunde chache za mlio alijua aina ya gari, idadi ya silinda zinazofanya kazi, na mahali pa kuanzia kufungua. Dereva naye husoma mlio hivyohivyo. Anajua lini abadili gia bila kuangalia dashibodi, lini injini imebebeshwa kuliko uwezo, lini tairi limepoteza ardhi. Mlio ni burudani, na papo hapo ni taarifa.

Watengenezaji wamejaribu kuziba pengo kwa njia mbili. Dodge, kwenye Charger Daytona ya umeme, wameweka spika na chumba cha hewa ili gari lingurume mfano wa V8 ambayo halina. Ferrari wamekwenda njia nyingine. Oktoba 2025 walipoeleza mitambo ya gari lao la kwanza la umeme, walisema kipo kihisio kinachonasa mtikisiko halisi wa mota na gia zake, kisha mtikisiko huo unachujwa na kukuzwa. Wenyewe walitoa mfano wa gita la umeme.

Mtu wa Morogoro hahitaji kueleweshwa mfano huo mara mbili. Mji huu ndio wa Morogoro Jazz na Mbaraka Mwinshehe Mwaruka. Gita la umeme halina sauti ya kuazima: uzi unatikisika, sumaku iliyo chini yake inaunasa mtikisiko na kuugeuza umeme, amplifaya inaukuza. Kidole kikikosea, kosa nalo linakuzwa. Hakuna aliyemwambia Mbaraka kwamba gita lake ni la uongo kwa kuwa limechomekwa kwenye soketi. Angeweka kanda iliyorekodiwa na kuigiza vidole, ukumbi ungemzomea. Kwangu mpaka uko hapo. Sauti inayobeba kazi ya mota ni sauti ya gari. Sauti ya V8 ndani ya gari lisilo na silinda hata moja ni kanda.

Wapo wanaosema ukimya wenyewe ni raha, na ushahidi wao upo kwenye stesheni ya Kihonda. Tangu Juni 14, 2024 treni ya umeme ya SGR inabeba abiria kati yetu na Dar es Salaam, kasi yake ikifika kilomita 160 kwa saa, na sijasikia mtu akililia muungurumo wa dizeli. Ni kweli, lakini waliomo humo ni abiria. Abiria anataka kulala. Dereva anayependa gari anataka kuzungumza nalo.

Figa la pili: uzito

Kilo moja ya petroli ina nishati ya takriban kilowati-saa 12. Kilo moja ya betri nzima ya gari hubeba kama 0.15. Hata ukikumbuka kwamba injini hupoteza sehemu kubwa ya petroli kama joto, na mota haipotezi kitu kikubwa, pengo linabaki. Porsche Taycan, iliyoanza kuuzwa mwaka 2019, ina betri kubwa yenye uzito wa kilo 630 hivi, na toleo lake la Turbo S linakaribia tani 2.3. Porsche 911 ya kawaida ni kama tani moja na nusu. Mzigo huo wa ziada ni sawa na kumpakia ng'ombe mzima kwenye buti na kumwambia dereva akate kona kama jana.

Hata hivyo uzito una mahali pake. Sifa kubwa ya injini ya bondia ni kwamba imelala chini, hivyo gari halipepesuki kwenye kona. Betri iliyotandazwa chini ya sakafu inafanya jambo lilelile na kulizidi. Katika hilo, gari la umeme ni mrithi halali wa Subaru.

Tena mota ina nguvu yake yote ya kusokota tangu gurudumu linapoanza kuzunguka. Injini ya turbo husubiri moshi uzungushe feni ndipo ichomoke. Mota haisubiri kitu. Mlimani inashinda kwa sababu nyingine pia. Injini inahitaji hewa, na kadiri unavyopanda hewa inapungua uzito. Kwenye mashindano ya Pikes Peak, Marekani, barabara inaishia mita 4,302, mahali ambapo injini isiyo na turbo imekwishapoteza kama theluthi moja ya nguvu au zaidi. Mwaka 2018 Romain Dumas alipanda hapo na Volkswagen ya umeme kwa dakika 7 na sekunde 57. Kabla yake hakuna aliyewahi kushuka chini ya dakika 8.

Na ukishuka je? Anayeijua miteremko ya Uluguru anajua harufu ya breki zilizoungua. Gari la umeme linaposhuka, mota inageuka kuwa jenereta na kujaza betri. Piga hesabu: gari la tani 2 likishuka mita 800, lina kama uniti 4 za LUKU, yaani kilowati-saa 4, za kurudisha. Toa zinazopotea njiani, ukibaki na uniti 2 na nusu umefanya vizuri, na hizo zinatosha kilomita kumi na kitu. Petroli uliyoichoma ukipanda haijawahi kumrudia mtu kwenye tangi.

Kinachobaki kulalamikiwa ni mikono na miguu. Taycan Turbo S ya kwanza ilifika kilomita 100 kwa saa kwa sekunde 2.8, na mtu yeyote mwenye mguu wa kulia anaweza kuifikisha. Hakuna klachi ya kulegeza kwa hesabu, hakuna gia ya kukosea. Mguu wa kushoto umestaafishwa bila kiinua mgongo. Mpenzi wa gari hakuwahi kutafuta kasi tupu, maana basi la Dar nalo lina kasi. Alitaka kasi aliyoifanyia kazi.

Figa la tatu: ufundi

Ulaya figa hili halitajwi sana. Hapa Mafiga ndilo zito kuliko yote. Fundi wa Subaru wa mtaa huu anajua kwa vidole gasketi ya silinda hedi inavyoungua, na maji yanavyoanza kutoa mapovu kabla mwenye gari hajajua. Ujuzi huo ndio umelisha watoto. Gari la umeme halina plagi, halimwagi oili ya injini, halina mkanda wa taimingi. Kwa mwenye gari hiyo ni nafuu, na ukiongeza bei ya nishati nafuu inazidi: kilomita 100 kwa uniti 20 za umeme, uniti ikiwa kama shilingi 350, ni shilingi 7,000. Forester inayokula lita 10, tukichukulia petroli shilingi 3,000 kwa lita, ni 30,000.

Kwa fundi hesabu ni nyingine. Betri aliyoizoea ina volti 12, unaishika kwa mkono mtupu. Ya Taycan ina volti 800, na nyaya zake zimepakwa rangi ya chungwa ili uziogope. Bila glavu maalumu, vipimo na mafunzo, ukizigusa huenda usisimulie. Juu ya hapo kuna programu: sehemu mpya huweza kukataa kufanya kazi mpaka kompyuta ya kiwanda iitambulishe. Gari unaloweza kulifungua ni lako. Usiloweza kulifungua umepangishwa, hata kama umelipia lote.

Umeme wenyewe haututishi. Mkoa wetu una Kidatu, megawati 204, na bwawa la Julius Nyerere kwenye Rufiji, mpakani na Pwani, limejengwa kwa megawati 2,115. Kinachokosekana ni mikono iliyofundishwa mapema. Vyuo vya ufundi visisubiri magari yajae barabarani.

Nembo ni ya nani?

Kiwandani nako wanasitasita. Mwaka 2022 Porsche ilijiwekea lengo kwamba ifikapo 2030 zaidi ya asilimia 80 ya magari inayouza yatakuwa ya umeme. Septemba 2025 ikaahirisha baadhi ya magari hayo na kurefusha maisha ya injini. Mate Rimac, ambaye kampuni yake inatengeneza Nevera ya umeme, alikiri mwaka 2024 kwamba matajiri wengi wanataka mashine inayocheza kama saa ya mkononi ya kimakanika. Bugatti anayoiongoza ikazindua Tourbillon yenye injini ya silinda 16. Peugeot, kinyume chake, mwaka 2025 ilirudisha jina la GTi juu ya 208 ya umeme tupu.

Anayedhani umeme ni uasi dhidi ya ukoo akumbuke kwamba mwaka 1900, kwenye maonyesho ya Paris, kijana Ferdinand Porsche alionyesha gari lenye mota ndani ya magurudumu. Umeme uliitangulia 911 kwa zaidi ya miaka 60.

Kwa hiyo nilimjibu kijana hivi: usiulize inakunywa nini, uliza inakuambia nini. Gari likikupa taarifa za kweli za tairi, barabara na nguvu yake, utaliamini, na mapenzi yatafuata. Likiigiza sauti ya marehemu, utalichoka kabla hujamaliza mkopo. Solterra inapatikana na magurudumu manne yanayovuta, na uzito wake uko chini, damu ya Subaru imo. Lugha ya kuzungumza na dereva ndiyo bado inajifunza.

Hakuridhika. "Lakini mwalimu, ikinyamaza, mzee huyu atajuaje inaumwa nini?"

Fundi alikuwa amekwishapata koili mbovu. Kabla hajajibu, pikipiki ya umeme ikakata kona kuingia kichochoroni, mteja nyuma, bila sauti ila kishindo cha mashimo. Kulikuwa na kitu kingine, chembamba, kama nyenje. Mimi mtu wa umeme sikukisikia mpaka yeye alipoinua kichwa kwenye boneti.

"Mwambieni huyo dogo," alisema, "beringi ya gurudumu la nyuma imekufa. Zamani injini ingeificha."