Konvata na Kontrola ya Spika: Vyombo Viwili vya Studio ya Kikundi

Zamani kwaya au kikundi cha vijana kikitaka kurekodi nyimbo kilikuwa na njia moja tu: kuchanga pesa, kupanda basi mpaka Nairobi, kushuka karibu na River Road na kutafuta studio. Miaka ya 1970 na 1980 nyimbo nyingi za benga zilitoka katika vyumba vidogo vya mtaa huo. Siku hizi mambo yamegeuka. Kikundi chenye kompyuta moja, maikrofoni mbili na chumba tulivu kinaweza kurekodi chenyewe, na tena kikapata kitu kidogo kwa kurekodia wengine. Kangemi, Kawangware na Dagoretti wako vijana walioifanya kazi hii kuwa riziki yao.

Ombi linalonifikia mara kwa mara ni hili. Kamati inaleta karatasi ya bei kutoka duka la Luthuli Avenue na mweka hazina anauliza: "Mwalimu, hivi visanduku viwili vinafanana, mbona fundi anataka tununue vyote?" Ni swali zuri, kwa sababu pesa za chama si za kuchezea. Kisanduku kimoja ni konvata, ambayo wengine huiita intafesi. Kingine ni kontrola ya spika. Vyote viwili ni vya chuma, vyote vina kidude kikubwa cha kuzungusha mbele. Lakini kazi zake ni mbali kama mbingu na ardhi: kimoja kinaamua sauti itakayoandikwa, kingine kinaamua sauti mnayosikia nyinyi mlio chumbani. Kikundi kikichanganya kazi hizi mbili, kitaharibu rekodi hata kama vyombo ni vya bei kali.

Konvata inafanya nini?

Sauti ya mtu ni hewa inayotikisika. Maikrofoni inageuza mtikisiko huo kuwa stima ndogo sana. Sasa kompyuta haielewi stima ya namna hiyo, yenyewe inaelewa hesabu tu. Konvata ndiyo mkalimani. Inapima ile stima mara 48,000 kila sekunde na kuandika kila kipimo kama namba. Wakati wa kusikiliza inafanya kinyume, inazirudisha namba ziwe stima ya kupeleka kwa spika.

Kwa nini mara nyingi hivyo? Sikio la kijana mwenye afya linasikia mitikisiko mpaka kama 20,000 kwa sekunde, na kanuni ni kwamba lazima upime zaidi ya mara mbili ya kile unachotaka kunasa. Ndiyo maana sidii, zilizoanza kuuzwa mwaka wa 1982, hupimwa mara 44,100. Nyinyi chagueni 48,000 na biti 24. Fundi akisema ati 192,000 ndiyo safi zaidi, muulizeni ni nani atakayesikia tofauti. Redio ya FM hupitisha mitikisiko mpaka 15,000 hivi tu, kwa hiyo 48,000 inatosha na kubaki. Faili kubwa mara nne itajaza diski yenu bure.

Kuiunganisha si kazi ngumu. Waya wa USB uingie moja kwa moja kwenye kompyuta, usipitie kigawanyio. Wekeni programu ya kiwanda inayoendesha chombo hicho, kisha mfungue programu ya kurekodi na kuchagua konvata iwe mlango wa kuingilia na wa kutokea. Hakikisheni programu na konvata zote zinasoma 48,000. Kama moja inasoma 44,100 na nyingine 48,000, kwaya itasikika kama imepungua mwendo na sauti kuwa nzito, au itakimbia kama watoto wanaotoka shule. Na ikiwa mna vyombo viwili vya namba vilivyounganishwa pamoja, kimoja kiwe ndicho chenye saa na kingine kikifuate. Vyote viwili vikishika saa yake, mtasikia "ta, ta, ta" ndani ya wimbo na mtalaumu maikrofoni bure.

Taa nyekundu

Hapa nataka tukae kidogo, maana ndipo pesa nyingi zinapopotelea.

Fundi wa zamani aliyejifunza kwa kanda alikuwa na desturi ya kusukuma sauti mpaka mshale uguse nyekundu. Hakuwa mjinga. Kanda ina mvumo wake wa "shhh", na ukirekodi chini sana mvumo huo unafunika wimbo. Tena kanda ikizidiwa haipasuki mara moja, inakunja sauti polepole, na wengine waliupenda ule ukali wake. Desturi hiyo amewarithisha wanafunzi wake, na wao wameingia nayo kwenye kompyuta.

Konvata haina huruma hiyo. Ina dari moja, inayoitwa sifuri. Namba ikifika hapo imefika, hakuna ya juu yake, na kila kitu kilichotaka kupanda zaidi kinakatwa kichwa. Sauti inapasuka kama karatasi kavu. Hakuna programu itakayorudisha kilichokatwa kama kilivyokuwa, zile za kutengeneza zinakisia tu. Kikundi kimoja cha kwaya magharibi mwa mji kilichanga kwa miezi, kikalipia siku nzima ya kurekodi, na waimbaji walipofika kwenye kiitikio, taa ya mama wa sauti ya kwanza ikawaka nyekundu kila mara. Fundi aliiona. Akafikiri itakuwa sawa, kwa sababu kwenye spika alikuwa amepunguza na masikio yake hayakuumia. Wimbo wote ulilazimika kurudiwa, na siku ya pili haikuwa ya bure.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Mwimbaji aimbe ile sehemu yenye nguvu kuliko zote, si "haloo, moja mbili" ya upole. Zungusheni kidude cha maikrofoni kwenye konvata mpaka sauti ya kawaida icheze karibu na desibeli 18 chini ya sifuri, na vilele visipite 10 au 8 chini. Baadaye mwimbaji akishikwa na wimbo ataongeza, wanaongeza wote, na nafasi iko. Mtu asiogope kwamba amerekodi chini sana. Biti 16 zina ngazi 65,536; biti 24 zina zaidi ya milioni 16. Ukiacha nafasi juu hupotezi kitu cha kusikika, na kuipandisha sauti baadaye ni kazi ya sekunde moja.

Kidude hicho kikishawekwa, hakiguswi mpaka wimbo uishe. Andikeni kwenye daftari kilikuwa wapi, ili kesho mkirudi kumalizia beti sauti zilingane.

Neno moja juu ya ile swichi iliyoandikwa 48V. Maikrofoni nyingi za kondensa haziwezi kufanya kazi bila stima hiyo. Zile za kawaida za kushika mkononi haziihitaji. Punguzeni spika kwanza, chomekeni maikrofoni, kisha ndipo muwashe 48V. Kuchomeka wakati imewaka kunatoa mshindo unaoweza kuua spika, na maikrofoni nyingine za zamani za utepe zinaweza kuharibika kabisa.

Vijana pia hulalamika kwamba mwimbaji anajisikia kwenye hedifoni akiwa amechelewa. Hiyo ni bafa, ile akiba ya vipimo ambayo kompyuta inasubiri ijae kabla ya kufanya kazi. Vipimo 1,024 kwa kasi ya 48,000 ni kama milisekunde 21, na sauti inapita kuingia na kutoka, basi inakuwa zaidi ya mara mbili. Ni kama kuimba na mwalimu wa kwaya aliyesimama mita 14 kutoka kwako. Wekeni 128 wakati wa kurekodi, au tumieni swichi ya konvata inayompa mwimbaji sauti yake kabla haijapita kwenye kompyuta.

Kontrola ya spika

Kontrola hukaa kati ya konvata na spika. Haiandiki chochote. Mkiizungusha mpaka mwisho, rekodi haibadiliki hata chembe. Masikio yenu ndiyo yatabadilika. Huongeza na kupunguza sauti ya kusikiliza, huhamisha kutoka spika hizi hadi zile, ina swichi ya kunyamazisha, ya kushusha kwa haraka mtu akitaka kuongea, ya mono, na nyingine zina maikrofoni ndogo ya kumwambia mwimbaji aliye chumba cha pili, "Mama, turudie kutoka ubeti wa pili."

Je, mnunue? Mimi nawaambia wanaoanza: bado. Konvata nyingi ndogo zina kidude cha pekee cha spika na kingine cha hedifoni, na hicho kinatosha kwa jozi moja ya spika. Pesa hizo nunueni nyaya nzuri na stendi. Kontrola ifikirieni siku mtakapokuwa na jozi ya pili, au konvata yenu ikiwa ni ya aina isiyo na kidude cha spika, maana hiyo hutoa sauti yote kwa nguvu yake yote na kosa moja la kompyuta linaweza kuchana spika. Ziko kontrola zisizotumia stima, ni rahisi na hazina mengi ya kuharibika, ila nyaya zake ziwe fupi. Kabla ya kulipa, ijaribuni pale pale dukani kwa sauti ya chini sana: sauti ikiegemea upande mmoja, spika ya kushoto na ya kulia hazilingani na hamtaamini mnachosikia. Chukueni risiti.

Nyaya za kutoka konvata hadi kontrola na kutoka kontrola hadi spika ziwe zile za nyuzi tatu. Nyuzi mbili hubeba sauti ile ile, moja imegeuzwa, na kelele inayodandia njiani inajifuta ikifika. Mkisikia mvumo wa "uuu" usiokoma, chomekeni vyombo vyote kwenye soketi ya ukuta mmoja. Kuna wanaokata waya wa arthi, ule wa kijani na manjano, ili mvumo uishe. Msikubali. Stima yetu ni ya volti 240, na mwimbaji ameweka mdomo kwenye chuma cha maikrofoni.

Spika mbili na kichwa cha msikilizaji vifanye pembetatu yenye pande sawa, kama mita moja na kitu, tundu dogo la juu likiwa usawa wa sikio, na zisiingizwe kwenye pembe ya chumba kwa sababu besi itadanganya. Kisha chezeni wimbo mnaoujua sana, zungusheni kontrola mpaka mnaongea bila kupiga kelele na bado mnasikia yote, na mbandike kipande cha plasta kuonyesha mahali hapo. Kila anayekuja asikilize kwenye plasta. Mtu akipandisha, kila wimbo utamwonekea mtamu. Sikio ndivyo lilivyo, kikubwa hulipendeza. Na lina mpaka wake: desibeli 85 kwa saa nane ndiyo kikomo kinachotumika sana kwa wafanyakazi, na kila mkiongeza 3 muda unakatwa nusu. Kijana anayefanyia kazi 94 amemaliza siku yake kwa saa moja. Masikio yakishakufa hayafufuki.

Swichi ya mono wengi hawaigusi, nami naona ndiyo yenye faida kuliko zote. Wimbo wenu utasikika wapi? Kwenye redio ya jikoni yenye spika moja, kwenye simu iliyolazwa mezani, kwenye matatu. Bonyezeni mono. Mwimbaji mkuu akififia au akibaki kama yuko kisimani, maikrofoni mbili zinapigana; geuzeni mwelekeo wa moja kwa swichi ya programu, au msogeze moja. Rekodi isiyopita mtihani huo msiipeleke Radio Waumini pale Westlands wala KBC pale Harry Thuku Road, kwa sababu mitambo ya redio huibana sauti zaidi na kasoro huzidi kuonekana.

Mambo ya mabati, matatu za Naivasha Road na lori za Waiyaki Way hayana swichi. Rekodini asubuhi na mapema, tundikeni mablanketi mazito, na msimu wa mvua, Machi hadi Mei, msimpangie mteja bila kumwambia kwamba mvua ikinyesha kazi inasimama.

Mwisho ni utaratibu wa kuwasha. Kompyuta kwanza, kisha konvata, kisha kontrola ikiwa imenyamazishwa, spika mwisho kabisa. Stima ikipotea, mtu akimbilie swichi za spika kabla haijarudi, maana hurudi kwa kishindo. Na betri ndogo ya akiba ya kompyuta itawapa dakika za kuhifadhi wimbo. Jioni kopini kazi ya siku kwenye diski ya pili. Zimeni spika kwanza, kontrola, konvata, halafu kompyuta, na ile diski ya pili ilale kwa mweka hazina, si katika chumba hicho hicho cha studio.