Kengele na Daftari za Tuskegee

Tarehe 4 Julai 1881, katika mji mdogo wa Tuskegee, jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani, kilifunguliwa chuo cha kuwafunza walimu weusi, ilhali utumwa ulikuwa umekomeshwa nchini humo miaka 16 tu kabla ya hapo. Wanafunzi 30 wa kwanza walisomea katika kibanda kibovu karibu na kanisa, na mvua iliponyesha hapakuwa na budi mmoja wao aache masomo yake amshikie mwavuli mwalimu, Booker T. Washington, ambaye yeye mwenyewe alizaliwa mtumwa. Serikali ya jimbo ilitoa dola 2,000 kwa mwaka kwa ajili ya mishahara peke yake; ardhi, majengo na vifaa ilikuwa juu ya chuo kujitafutia.

Basi wakajitafutia. Walinunua shamba kuukuu kwa dola 500, nusu yake ikiwa fedha ya kukopa, kisha wakajaribu kufyatua na kuchoma matofali. Tanuri la kwanza likaharibika, la pili likaharibika, na la tatu likaporomoka, hata Washington akaiweka saa yake rehani kwa dola 15 ili lijengwe la nne, nalo likafaulu.

Kufikia mwisho wa karne ile, siku nzima ilikwenda kwa kengele. Ya kuamka ililia saa kumi na moja alfajiri. Saa kumi na mbili watu walikuwa mezani, na dakika 20 baadaye maakuli yalikuwa yamekwisha, wakaenda kusafisha vyumba. Saa mbili na dakika 25 vijana wa kiume walipangwa safu wakakaguliwa mavazi, wala hakuachiliwa mwenye kifungo kilichokatika, mpasuko usioshonwa au doa la mafuta. Kabla ya masomo ya saa tatu zilitengwa dakika tano za habari za ulimwengu. Mswaki ulikuwa sharti. Wako waliofika wasijue mashuka mawili hutumiwaje, huyu akilala chini ya yote mawili na yule juu yake, nao walifundishwa hayo kwa bidii ile ile iliyotumika kufundisha hesabu.

Washington, ambaye aghalabu alikuwa safarini akiomba misaada, alipelekewa taarifa kila siku popote alipokuwa: nani ameomba ruhusa ya kutohudhuria darasa, maziwa yamekamwa kiasi gani, nyama imechemshwa au imeokwa, mboga zimetoka shambani kwao au dukani. Mwaka 1903 msomi mweusi W. E. B. Du Bois alimlaumu kwa kutanguliza ufundi mbele ya elimu ya juu na haki ya kupiga kura, na katika hilo la kura naona hoja ya Du Bois ilikuwa na nguvu. Walakini siwezi kuzidharau daftari za chuo kile, kwa kuwa ndizo zilizomfungulia mlango fukara.

Mwaka 1884 lilianzishwa darasa la usiku kwa wasio na fedha. Walifanya kazi kwa muda wa saa 10 mchana, wengine wakifyatua matofali na wengine wakifua nguo, kisha wakasoma kwa muda wa saa mbili usiku. Na ijara yao, isipokuwa sehemu ndogo sana, haikutiwa mikononi mwao bali iliandikwa daftarini kwa jina la kila mmoja, ili baada ya mwaka mmoja au miwili, atakapohamia darasa la mchana, imlipie chakula chake.