Geji ya mafuta inapodanganya katika gari kuukuu

Dereva wa Peugeot 504 kuukuu anayetoka Matisi, Kitale, kuelekea Bungoma usiku aweza kukwama njiani kwa kuiamini geji ya mafuta. Wengi hukimbilia kununua geji nyingine, jambo ambalo mara nyingi ni hasara tupu.

Ndani ya tangi mna boya linalopanda na kushuka pamoja na petroli, likibadilisha nguvu ya umeme unaosogeza mshale. Kwanza hukaguliwa waya wa athi wa tangi. Kutu hapo huvuruga kipimo.

Kisha waya unaokwenda kwenye geji huchomolewa tangini na kufungwa kwenye bodi. Hapo tu ndipo switchi huwashwa, kwa sekunde chache, ili kuepusha cheche karibu na petroli. Mshale ukiruka, geji ni nzima: huenda boya limetoboka na kuzama. Ukitulia, kasoro imo katika waya au geji yenyewe.