Jicho Linalokua Kupita Kiasi

Kifaa ninachokiamini kuliko vyote ninapokwenda kupima macho shuleni Ngerengere hakiuzwi dukani. Ni kipande cha boksi la dawa chenye tundu moja lililotobolewa kwa msumari mwembamba. Safari iliyopita mvulana wa darasa la sita alisimama mita 6 kutoka kwenye chati, akakunja uso, akasoma mstari wa juu tu, basi. Nikampa kile kipande achungulie tunduni. Akashuka mistari minne bila kusita, kisha akaniuliza, "Dokta, mbona umebadilisha chati?"

Chati ilikuwa ile ile. Tundu dogo huzuia miale inayopita pembeni, ikabaki ya katikati, na picha ikatulia. Mtoto akiona vizuri zaidi kupitia tundu, mara nyingi jicho lenyewe halina ugonjwa. Tatizo ni pale mwanga unapokutania. Kwa mvulana huyu unakutana kabla haujafika kwenye retina, ule utando wa nyuma unaopokea picha, kwa kuwa jicho limerefuka. Mtoto mchanga huzaliwa na jicho la milimita 17 hivi kutoka mbele hadi nyuma. La mtu mzima hufika kama 24. Milimita moja ikizidi, namba ya miwani huenda kwenye −2.50 au −3. Hiyo ndiyo mayopia, kutoona mbali. Na jicho likisharefuka, halirudi.

Mama yake alipoitwa aliuliza swali ninaloulizwa kila mahali: "Akizoea miwani, macho si ndiyo yatazidi kuharibika?" Hapana, mama. Ila sikumcheka, maana ameona kitu cha kweli: watoto wengi wakishavaa miwani, namba huendelea kupanda mwaka hadi mwaka. Haipandishwi na miwani. Inapanda kwa sababu jicho bado linakua, na miwani ya kawaida hailizuii. Kwa nadharia inayokubalika zaidi, lenzi ya kawaida hutuliza picha katikati ya retina, lakini pembeni picha huangukia nyuma yake. Jicho nalo hurefuka kuifuata. Namba ikivuka −6, retina inakuwa imevutwa hadi ikawa nyembamba. Inaweza kuchanika au kubanduka, na hatari ya presha ya macho huongezeka. Kufikia hapo, miwani humsaidia mtu kuona tu, haimkingi.

Siku hizi kuna lenzi zinazojaribu kulizuia jicho lisiendelee kurefuka. Mojawapo ilitengenezwa na Chuo Kikuu cha Hong Kong Polytechnic pamoja na kampuni ya HOYA. Ukiiweka mezani ni miwani kama miwani nyingine. Iinamishe kidogo kwenye mwanga wa dirisha: katikati pako wazi, na kuizunguka sehemu hiyo utaona vijilenzi karibu 400, kila kimoja na upana wa milimita moja hivi, vimejipanga kama sega la nyuki. Mtoto anaonea hapo katikati, huku vijilenzi vikiangusha sehemu ya mwanga mbele ya retina, na jicho halina sababu ya kurefuka. Katika jaribio la miaka 2 huko Hong Kong, kupanda kwa namba kulipungua kwa asilimia 52, na kurefuka kwa jicho kwa asilimia 62.

Njia ya pili ni matone ya atropini, dawa yenye asili ya mimea ya jamii ya datura. Ile ya asilimia 1 tunaijua siku nyingi, hutumika kupanua mboni. Mwaka 2006 watafiti wa Singapore, waliofuatilia watoto 400, walionyesha kwamba inapunguza sana kasi ya mayopia. Tatizo ni kwamba mboni iliyopanuka haijikingi na jua, na kitabu cha karibu hakisomeki. Mpeleke mtoto huyo kwenye uwanja wa mpira wa Ngerengere saa sita mchana uone. Kwa hiyo dozi ikashushwa. Utafiti wa Hong Kong uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kuwa asilimia 0.05 ilipunguza kasi kwa asilimia 67 katika mwaka wa kwanza, asilimia 0.01 ilipunguza kwa 27 tu.

Sasa, ukimpa mtoto vyote viwili? Lenzi hugeuza njia ya mwanga, dawa huingia kwenye tishu za jicho. Mtu angetarajia faida zijumlishwe. Huko Japani, watoto waliolala na lenzi ngumu zinazobonyeza kioo cha mbele cha jicho, wakaongezewa atropini ya asilimia 0.01, macho yao yalirefuka milimita 0.29 kwa miaka 2. Waliovaa lenzi peke yake, 0.40. Marekani walichanganya dozi hiyo hiyo na lenzi laini za kubandika jichoni, na hawakupata nyongeza ya maana. Jaribio jingine la huko, la mwaka 2023, liliona asilimia 0.01 peke yake haikushinda matone yasiyo na dawa.

Mimi nisingempa kila mtoto mchanganyiko huo. Mtoto wa miaka 7 ambaye namba ya miwani inapanda kwa moja nzima kila mwaka, na wazazi wake wote wawili hawaoni mbali, huyo ningemwanzishia njia moja, nimpime tena baada ya miezi sita, na kama jicho bado linakimbia ndipo niongeze ya pili. Lenzi za kulala nazo ningeziogopa kwa familia inayochota maji kisimani, kwa kuwa hata maji safi ya bomba hayatakiwi kuzigusa. Vimelea vya majini hula kioo cha jicho. Na mtu asichukue atropini ya asilimia 1 akaizimua nyumbani. Asiikatishe ghafla pia, hasa ya dozi kubwa, maana jicho huweza kurefuka kwa kasi kuliko mwanzo.

Isitoshe, sisi si Seoul, ambako kati ya vijana wa miaka 19 waliopimwa kwa ajili ya jeshi, asilimia 96.5 walikuwa na mayopia. Utafiti wa sekondari za jiji la Mwanza uliochapishwa mwaka 2002 ulikuta asilimia 5.6. Shida yetu iko kwingine. Dar es Salaam, wanafunzi waliopewa miwani bure walipofuatwa baada ya miezi mitatu, asilimia 47 ndio walikuwa nayo. Waliopewa cheti tu wakanunue, 26. Ukimwambia mzazi habari za vijilenzi 400 wakati mtoto anaficha miwani kwenye mkoba kwa kuogopa kuitwa babu, umeruka hatua.

Jua, kwa bahati nzuri, tunalo. Guangzhou, China, shule zilizoongeza dakika 40 za kukaa nje kila siku zilipunguza wanaoanza kupata mayopia ndani ya miaka 3 kutoka asilimia 39.5 hadi 30.4. Hilo husaidia zaidi kabla tatizo halijaanza.

Mvulana wangu ana −1.75, na umri wake unanipa matumaini kwamba haitapanda mno. Nikamwandikia miwani ya kawaida, nikamwambia mama amlete baada ya miezi sita. Mwenyewe aliomba abaki na kile kipande cha boksi hadi miwani ifike. Alitaka, alisema, akaangalie treni ya umeme ikipita stesheni.