Je, Wajua? Chakula cha samaki kinachoogelea chali

Sogea hapa kwenye benchi, mangi, leo tunaongea chakula cha samaki. Si wa kukaanga! Nasema wale wa rangirangi wanaofugwa sebuleni, ndani ya tangi la kioo lenye maji ya chumvi na matumbawe. Baadhi yao ukiwarushia chakula kikavu wanakigeuzia mgongo. Wanataka kinachotembea.

Je, wajua kuna mayai yanayokaa makavu ndani ya kopo miaka kadhaa, halafu ukiyatia kwenye maji ya chumvi yanaanguliwa ndani ya siku moja na ushee? Ni ya atemia, kijidudu cha ukoo wa kamba. Gramu moja haijazi hata nusu ya kijiko cha chai, lakini ina mayai zaidi ya 200,000. Uwanja wa Mkapa una viti 60,000: gramu hiyo inaujaza mara tatu na chenji inabaki!

Na kuyaangua? Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, kata kitako, igeuze kichwa chini, pitisha mpira wa pampu ya hewa mpaka shingoni. Jaza maji ya chumvi, mwaga mayai, utadhani ni kahawa iliyosagwa. Kesho yake maji yamegeuka rangi ya chungwa. Sasa zima pampu, mulika tochi ya simu pembeni mwa chupa, uone: wote wanaukimbilia mwanga, maganda yanabaki yanaelea juu. Ila kwa baridi yetu ya Tarakea mwezi wa saba, chupa iweke karibu na balbu, maana wanataka joto la nyuzi 25 hadi 28.

Je, wajua atemia huzaliwa na jicho moja, akikomaa ana matatu? Tena anaogelea chali maisha yake yote, tumbo likitazama mwanga. Mulika kutoka chini, naye anapinduka!

Umeshika benchi? Shika. Mwaka 1972 mayai ya atemia yalipanda Apollo 16, yakauzunguka Mwezi, yakarudi, na mengine yakaanguliwa. Wewe hata Dodoma bado.

Kwa majirani zetu Kenya atemia wako huko nje kabisa, si kwenye chupa. Miaka ya 1980 atemia wa Marekani walipandikizwa kwenye mashamba ya chumvi kaskazini ya Malindi, na mpaka leo wanazaliana. Maji yakiwa na chumvi mara tano ya ile ya bahari, wao wanaona ni sawa tu.

Je, wajua kitoto cha samaki Nemo kina mdomo mdogo kiasi kwamba hata atemia mchanga hamwezi? Anaanza na rotifa, kijidudu kisichofika hata nusu milimita. Na rotifa huyo ni vituko: majike huzaa majike bila dume, siku nenda rudi. Dume akijitokeza, hana hata utumbo wa kumeng'enyea chakula, na siku zake ni za kuhesabu. Usicheke, mangi.

Haya, farasi bahari. Hana meno, hana tumbo la kutunzia chakula, basi anakula siku nzima. Anachokiwinda ni kopepodi, kijidudu kinachoruka urefu wa mwili wake mara 500 kwa sekunde. Mtu wa mita 1.7 akiruka hivyo, sekunde moja yuko mita 850 mbele! Unamkamataje? Farasi bahari ana pua iliyochongwa isiyotikisa maji; anasogea polepole, kisha anamfyonza kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde. Maji yakiwa yametulia, mara 9 katika 10 anapata.

Na samaki mkubwa kuliko wote duniani anakula nini? Papa potwe, yule wa Mafia, anaweza kuzidi mita 12. Pale Kilindoni anafungua mdomo na kuchuja vikamba vidogo vilivyo hai.

Sasa hili la nyumbani kabisa. Ndani ya Ziwa Chala, lile la kwenye kinywa cha volkano hapa Rombo, kuna perege ambaye asili yake ni humo tu. Jike lake hulea watoto mdomoni. Mwaka 1889 mtaalamu Günther wa London aliupa ukoo wake jina la Oreochromis, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya mlima. Baadaye sato naye akaingizwa kwenye ukoo huohuo. Kwa hiyo ukila sato pale Mwanza, mangi, mwambie mwenye mgahawa: samaki wako anatembea na jina la kwetu mlimani.