Pumzi ya Kununua: Jinsi ya Kuchagua Regyuleta ya Kwanza ya Kuzamia

Chama chetu kilipozuru Fort Jesus kule Mombasa, bila shaka mnakumbuka tulivyosimama mbele ya vitu vilivyotolewa katika manowari ya Wareno iitwayo Santo Antonio de Tanna. Manowari hiyo ilizama mwaka 1697 wakati ngome ilipokuwa imezingirwa, na wazamiaji wakaichimbua chini ya bahari kuanzia 1977 hadi 1980. Mmoja wetu (simtaji, anajijua) akauliza, "Sasa hao watu walikuwa wakipumua na nini huko chini?" Mwingine akamjibu ati kwa mpira mrefu kama ule wa kumwagilia bustani. Tukacheka, tukapanda basi, swali likabaki pale pale. Mimi nimelibeba hadi nyumbani, manake mjomba wangu ni mzamiaji huku Diani, na kwa muda wa mwaka mzima nyumba yetu haikuwa na habari nyingine ila ya kununua kifaa cha kupumulia.

Tuanze na huo mpira wa bustani. Hewa tunayoivuta hapa nchi kavu, kando ya bahari, ina shinikizo la takriban bar 1. Kila ushukapo mita 10 baharini, bar nyingine 1 huongezeka. Kwa hivyo katika kina cha mita 20 maji yanakubana kwa bar 3, ilhali hewa inayokuja na mpira kutoka juu ni ya bar 1 ile ile. Kifua hakitafunguka, hata ujitahidi vipi. Hata kwa mita 1 tu utaona taabu. Mzamiaji basi lazima apewe hewa yenye shinikizo sawa na la maji yaliyomzunguka, na lishuke naye na kupanda naye.

Hewa yenyewe huibeba mgongoni katika mtungi, imeshindiliwa hadi kufikia kama bar 200. Hebu fikiri mtu akiutia mdomo mtungi huo na kuufungua! Baina ya bar 200 za mtungi na bar 3 za kifua pahitajika mpatanishi, na mpatanishi huyo ndiye regyuleta.

Wale ambao kwao hupikiwa gesi wanaijua regyuleta ya jikoni, kile kichwa kinachobanwa juu ya mtungi ili gesi itoke kidogo kidogo. Huo ni udugu wa kweli. Mhandisi Mfaransa, Émile Gagnan, alikuwa ametengeneza vali ya kuwezesha magari kwenda kwa gesi wakati petroli ilipoadimika katika Vita Vikuu vya Pili. Mwaka 1943 yeye pamoja na Jacques-Yves Cousteau, aliyekuwa afisa wa jeshi la majini, waliigeuza vali ya namna hiyo ikawa ya kumpa mtu hewa chini ya maji. Tofauti ni kwamba ya jikoni hutoa gesi mfululizo, lakini hii humpa mzamiaji hewa pale tu anapovuta.

Kazi hiyo hufanywa kwa hatua mbili. Hatua ya kwanza ni kile chuma kizito kinachofungwa kwenye mtungi. Hushusha zile bar 200 hadi kama bar 9 au 10 zaidi ya shinikizo la maji ya pale ulipo. Hatua ya pili ndiyo inayokaa mdomoni. Ndani yake mna kiwambo cha mpira, ukivuta pumzi kiwambo huinama, husukuma kijiti, vali hufunguka na hewa huja. Ukiacha kuvuta, vali hujifunga. Ukitoa pumzi, mapovu hutokea kwa kijilango chengine cha mpira.

Sasa tuje kwa mjomba. Yeye alianza kazi ya kufunga kamba za mashua, akasomea uzamiaji hadi akapata cheti, na kila mara alikuwa akitumia regyuleta ya kukodi. Siku moja mtalii mmoja aliyekuwa akirudi kwao akamuuzia yake kwa shilingi elfu kumi na mbili. Ilikuwa inang'aa kama mpya. Mjomba akaja nayo nyumbani kama aliyeoa. Alipoijaribu katika bwawa la kuogelea, mahali pa mita 3 tu, kila akivuta hewa akaonja na maji. Akapanda juu polepole, salama salimini. Mama alipozipata habari alimwambia, "Wewe wataka kuniachia kilio humu ndani?" Siku ile sikuona mtu wa kucheka.

Fundi alipoifungua alionyesha mambo mawili ambayo mjomba angaliweza kuyaona mwenyewe kabla ya kutoa pesa. Mahali hewa inapoingilia hatua ya kwanza pana kichujio kidogo cha madini. Hicho kilikuwa kimegeuka kijani, dalili kwamba maji ya chumvi yalishaingia ndani. (Kikiwa na rangi ya kutu, basi kutu imetoka katika mtungi wa chuma.) Pili, kile kijilango cha mapovu kilikuwa kimepasuka. Kukijua hakuhitaji mtungi wala spana. Unafunika tundu la hatua ya kwanza kwa kifuniko chake, unaweka hatua ya pili mdomoni na kuvuta. Pasipo hewa mtunginini hupaswi kupata kitu. Ukipata hewa, basi na maji yatapata njia. Kubwa zaidi, kampuni ilikuwa imeacha kutengeneza vipuri vya aina ile. Elfu kumi na mbili zikaenda na maji.

Ndipo mjomba akaanza kuuliza maswali, na la kwanza halikuwa "bei gani?" bali "nani ataifanyia hii matengenezo, na oringi zake atazitoa wapi?" Regyuleta nyingi hutakiwa kufunguliwa na fundi kila mwaka mmoja au miwili, kwa jinsi kijitabu chake kisemavyo. Ukinunua aina ambayo hakuna fundi wa karibu anayeijua, itabidi uitume kwa ndege, na nauli hiyo kila mara itakukumbusha ujinga wako. Kwa maoni yangu swali hili lina uzito kuliko mengine yote yakiwekwa pamoja.

La pili ni namna inavyoshikana na mtungi. Kuna ya kibano, ambayo huvishwa juu ya vali na kukazwa kwa skrubu, na kuna iitwayo DIN (si dini, ingawa wapo wanaoishabikia kama dini), ambayo huzungushwa ikaingia ndani ya vali yenyewe. DIN hushika imara zaidi na hustahimili mitungi ya bar 300. Lakini mitungi ya kazini kwa mjomba ni ya kibano. Afadhali utazame kwanza mitungi utakayotumia wewe. Anayesafiri sana anaweza kununua DIN pamoja na kiungo cha kuigeuza iwe kibano.

Halafu wauzaji watakutajia pistoni na kiwambo. Hatua ya kwanza ya pistoni ina vipande vichache na ni rahisi kuitengeneza. Ya kiwambo huzuia mchanga na chumvi visifike ndani. Zote ni nzuri. Utaambiwa pia kuna iliyosawazishwa na isiyosawazishwa. Isiyosawazishwa ni ya bei nafuu, ila mtungi ukikaribia kwisha kuvuta hewa huwa kugumu kidogo. Iliyosawazishwa haijali mtungi umejaa au la. Mjomba, kwa kuwa ni kazi yake ya kila siku, aliongeza pesa akachukua iliyosawazishwa. Alichokataa kulipia ni kinga ya baridi kali. Hiyo ni ya wale wanaozamia katika maji ya chini ya nyuzi 10, ambamo vali huweza kuganda kwa barafu. Bahari yetu aghalabu huwa nyuzi 25 hadi 29. Barafu itoke wapi?

Usisahau kwamba bei ya dirishani mara nyingi ni ya hizo hatua mbili peke yake. Bado kuna hatua ya pili ya akiba, aghalabu ya rangi ya manjano, ya kumpa mwenzako akiishiwa. Wazamiaji huiita pweza kwa sababu ya hiyo mipira inayotapakaa kama mikono. Bado kuna geji. Tazama hesabu hii: mtungi wa lita 12 wenye bar 200 una lita 2400 za hewa. Ukiweka akiba ya bar 50, yaani lita 600, unabaki na 1800. Mtu anayetumia lita 20 kwa dakika hapa juu, katika mita 20 atatumia lita 60. Hizo ni dakika 30, na atakayekwambia zimekwisha ni geji.

Na kifaa chochote kile, asiyefunzwa asikiguse. Ukivuta hewa katika mita 20 kisha ukapanda huku umeibana, hewa hiyo hupanuka hadi mara 3 na kuyapasua mapafu. Regyuleta ya bei ghali haizuii hilo.

Leo mjomba ana yake mpya. Kila jioni huifunika tundu, huiosha kwa maji matamu bila kukibonyeza kile kitufe cha katikati (ukikibonyeza maji huingia ndani), kisha huitundika kivulini. Mama sasa analalamika kwamba maji ya kisima yanaisha kwa kuoshea chuma. Mjomba humjibu, "Dada, hicho si chuma, hiyo ni pumzi yangu," naye huchukua ndoo ya pili.